Aliyoniandikia Pembeni kwa Penseli

Karatasi zenyewe ni tano, nimeziandika pande zote mbili, na juu ya ile ya kwanza nimepigia mstari maneno "Ushoga na Maadili Yetu". Nilizisoma mbele ya vijana wapatao 200 katika semina ya dini. Nilikuwa na miaka 34 na sikuwa na shaka hata chembe. Nilisema kwa dakika 40. Walipiga makofi. Mzee mmoja alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema, "Mwanangu, umetusemea."

Rafiki yangu alikuwa amekaa safu ya nyuma. Tunajuana tangu tukiwa na miaka 11, tulikaa dawati moja, tumezikiana wazazi. Watu walipotawanyika alibaki kunisaidia kupanga viti, na tulipomaliza akasema, "Kaka, hebu niazime hizo karatasi." Nikadhani anataka kunakili mistari ya maandiko. Zilikaa kwake miezi miwili. Alipozirudisha zilikuwa ndani ya bahasha, akanikabidhi mlangoni, akakataa kuingia. "Zisome ukiwa peke yako," akasema.

Pembeni mwa hoja zangu alikuwa ameandika kwa penseli. Hakubishana, aliuliza. Maneno mawili hapa, matatu pale, na chini kabisa ya ukurasa wa mwisho sentensi ndefu kuliko zote: "Mimi ni mmoja wa hao uliowasema. Sasa niambie, ndugu yangu, nifanye nini?"

Ni miaka tisa sasa. Ninayoyaandika hapa ameyasoma yeye kwanza, na yote yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa. Nayaandika kwa sababu semina za namna ile bado zinafanyika, karatasi za namna ile bado zinasomwa, na safu ya nyuma haijawahi kuwa tupu.

Nilianza na hoja ambayo karibu kila mtu huanza nayo, kwamba mapenzi ya jinsia moja ni kinyume na maumbile. Kiswahili kimelizoea neno hilo mno, hata ukisikia mahakamani kwamba mtu kashtakiwa kwa kosa la "kinyume na maumbile", hakuna anayeuliza zaidi. Pembeni yake rafiki yangu aliandika: "Maumbile yepi?"

Nilikasirika. Niliona ni swali la kitoto. Kisha nikajaribu kulijibu, nikajikuta nalitumia neno moja kwa maana tatu, na kila nikibanwa kwenye moja narukia nyingine. Mara maumbile yalikuwa yale yanayoonekana kwa viumbe. Mara yalikuwa kazi ya viungo vya mwili. Mara yalikuwa mpango wa Mungu.

Ile ya kwanza inaanguka upesi. Wanyama wa jinsia moja wameonekana wakipandana katika mamia ya spishi, na miongoni mwa kondoo wapo madume wasiotaka jike kabisa, huwaendea madume wenzao tu. Ila hata wanaowatetea wapenzi wa jinsia moja kwa mfano huo wanapotea njia ile ile niliyopotea mimi. Wapo wanyama wanaokula watoto wao. Tukitaka kujua lililo jema tusiende kuwauliza kondoo. Mwanafalsafa David Hume aliliona hili mwaka 1740: waandishi wa maadili huanza kwa kueleza mambo yalivyo, halafu ghafla unawakuta wanasema yanavyopaswa kuwa, na hawajaeleza wamevukaje.

Maana ya pili, ya kazi ya viungo, ndiyo niliyoitegemea na ndiyo iliyonitesa. Ina hadhi yake. Thomas wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki, aliijenga katika karne ya 13 kwa umakini mkubwa: uwezo wa kuzaa una lengo, na tendo ambalo kwa namna yake lenyewe haliwezi kulifikia lengo hilo linamkosea aliyeuweka. Sikuwa nimemsoma Thomas mwenyewe. Nilimsikia tu midomoni mwa watu. Baada ya swali la rafiki yangu nilimtafuta, nikasoma sehemu ya pili ya kitabu chake kikuu cha teolojia, swali la 154. Pale anazipanga dhambi za zinaa kwa uzito. Zilizo kinyume na maumbile anaziweka juu ya zote, na mojawapo ni punyeto. Uzinzi, na hata ubakaji, vinakaa chini yake, maana kwa hesabu hiyo mbakaji hakuvunja mpangilio wa maumbile. Pingamizi Thomas aliliona mwenyewe na akaliandika bila kuficha: je, uzinzi na ubakaji havimdhuru jirani, hivyo si ndivyo vibaya zaidi? Akajibu kwamba dhambi iliyo kinyume na maumbile inamkosea Mungu mwenyewe, aliyeyapanga maumbile hayo.

Nina mabinti wawili. Kipimo kinachosema kwamba kijana aliyejichua chumbani kwake amefanya jambo zito kuliko mwanamume aliyembaka mmoja wao siwezi kukishika, hata kama kimeandikwa na mtakatifu. Najua wengi wanaomfuata Thomas leo hawaupangi uzito hivyo. Lakini wakiulizwa kwa nini hawaupangi hivyo, hutaja madhara, hutaja nguvu iliyotumika, hutaja mtu aliyeumizwa. Yaani wameliacha lengo la viungo na wameanza kumtazama mwanadamu.

Na kama lengo la viungo ndiyo sheria, wengi wetu ukumbini mle tulikuwa tumeshaivunja. Kanisa Katoliki angalau halikujipendelea: Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1968, alikataa vidhibiti mimba kwa hoja zilezile za lengo la tendo la ndoa. Maaskofu wa Kianglikana walikuwa wameshafungua mlango huo tangu mkutano wao wa Lambeth wa mwaka 1930. Mimi na mke wangu tulipanga uzazi kwa vidonge miaka sita, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kujiuliza kama nimekwenda kinyume na maumbile. Mkuki kwa nguruwe.

Ikabaki maana ya tatu, mpango wa Mungu. Hapo hoja imeacha kuwa ya maumbile na imekuwa ya ufunuo, na ni haki iitwe kwa jina lake. Mimi ni muumini, kwa hiyo ufunuo siupuuzi. Nilirudi kwa Mtume Paulo, sura ya kwanza ya Waraka kwa Warumi, mahali anaposema juu ya kubadili matumizi ya asili. Neno lake la Kigiriki ni phusis, yaani asili au maumbile. Neno hilohilo analitumia kwa Wakorintho anapouliza kama maumbile yenyewe hayafundishi kwamba ni aibu mwanamume kuwa na nywele ndefu. Na katika waraka uleule kwa Warumi, sura ya 11, anaeleza jinsi watu wa mataifa walivyopandikizwa kama tawi la mzeituni mwitu kwenye mzeituni mwema, "kinyume cha asili", na aliyelipandikiza tawi hilo ni Mungu. Maneno ya Kigiriki ni yaleyale ya sura ya kwanza.

Sisemi kwamba mistari hii inaifuta ile. Haiifuti. Paulo aliyaona matendo hayo kuwa aibu, na anayesema vinginevyo anamlisha maneno. Ninachosema ni kwamba hata yeye neno "maumbile" halikuwa kwake rungu la kumpigia kila mtu; mara ni mazoea, mara ni asili ya mti, mara Mungu mwenyewe anaipita. Nilikuwa nimelitumia kama rungu.

Karibu na pale nilipotaja Sodoma aliandika tu: "Ezekieli 16." Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho mara nyingi na nikaupita mstari wa 49 kila mara. Nabii anautaja uovu wa Sodoma: kiburi, kushiba, raha ya kufanikiwa, na kutomsaidia maskini na mhitaji. Mstari wa 50 unaongeza machukizo, na Waraka wa Yuda unataja uasherati, kwa hiyo sitajifanya kwamba jambo la mwili halimo. Limo. Katika Qurani nako, kwenye kisa cha Nabii Lut, wanaume kuwaendea wanaume kumetajwa waziwazi. Lakini kisa cha Mwanzo 19 chenyewe, ukikisoma polepole, ni cha umati unaouzunguka mlango usiku ukitaka kuwatendea wageni kwa nguvu. Halafu Lutu anatoka nje na kuwapa umati huo binti zake wawili wasiomjua mwanamume. Nimesikia mahubiri ya Sodoma tangu utotoni. Sijawahi kumsikia mhubiri akisimama kwenye mstari huo na kuuliza kuhusu wale mabinti.

Nilisema pia kwamba ni ugonjwa na unatibika. Penseli: "Dawa umeiona?" Hili halina haja ya maneno mengi. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuondoa ushoga kwenye orodha ya maradhi mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 1990. Shirika kubwa la Kikristo lililojulikana kwa kuwabadilisha watu, Exodus International, lilianzishwa mwaka 1976 na kufungwa mwaka 2013, kiongozi wake akiwaomba radhi waliopita humo. Robert Spitzer, daktari ambaye utafiti wake wa mwaka 2003 ulitumika sana kuthibitisha kwamba watu hubadilika, naye aliomba radhi mwaka 2012. Upande wa pili, utafiti mkubwa wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha karibu watu laki tano, haukukuta kinasaba kimoja cha ushoga. Ulikuta mchango mdogomdogo wa vinasaba vingi, uliochanganyika na mengine. Wanaosema "nimezaliwa hivi" na wanaosema "umechagua" wote wanatafuta jibu la maadili kwenye damu, na damu haina jibu hilo. Mtu anaweza kuzaliwa na hasira kali asiruhusiwe kupiga watu, na mtu anaweza kuchagua dini yake bila kuzaliwa nayo, na tukamheshimu.

Sheria ndipo nilipopata aibu zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimezitetea adhabu kali kwa sauti ya juu kabisa. Nilisema zinalinda urithi wetu dhidi ya mambo ya kuletwa. Penseli ikauliza: "Sheria yenyewe nani kaileta?"

Mfalme Henry VIII wa Uingereza ndiye aliyeichukua dhambi hii kutoka mahakama za kanisa na kuitia kwenye sheria ya dola, mwaka 1533, adhabu yake kunyongwa. Watu wa mwisho kunyongwa huko kwa kosa hilo walinyongwa mwaka 1835, na adhabu ya kifo ikafutwa mwaka 1861. Mwaka mmoja kabla, watawala haohao walikuwa wamepitisha kanuni ya adhabu ya India, na ndani yake kifungu cha 377 kuhusu tendo la kimwili lililo kinyume na utaratibu wa maumbile. Maneno hayo yalisafiri kutoka koloni hadi koloni, Asia na Afrika, na hatimaye mimi nikayasimamia jukwaani kama mali ya mababu. Mahakama ya Juu ya India iliyaondoa tarehe 6 Septemba 2018 kwa watu wazima walioridhiana. Hili halithibitishi kwamba kabla ya wakoloni watu walikuwa wakiyaridhia mapenzi hayo. Jamii zilitofautiana, na nyingi hazikuyaridhia. Lakini kutoridhia ni jambo moja, na kumtuma askari ni jambo lingine.

Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Kiingereza, aliandika insha juu ya jambo hili mnamo 1785. Alifanya kitu rahisi: alichukua madhara yaliyokuwa yakidaiwa, moja baada ya jingine, akauliza ni nani hasa aliyedhurika. Hakupata sababu ya kumnyonga mtu. Hakuthubutu kuichapisha. Ilitoka mwaka 1978, zaidi ya miaka 140 baada ya kifo chake, na mimi hufikiria sana juu ya insha hiyo iliyolala kwenye makabati wakati watu wanaendelea kunyongwa.

Mjadala uliokuja baadaye nchini mwake ndio ninaotamani kila mwandaa semina angeusoma. Mwaka 1957 kamati ya serikali iliyoongozwa na John Wolfenden ilipendekeza kwamba yanayofanywa faraghani na watu wazima walioridhiana yasiwe jinai, hata kama ni maovu. Jaji Patrick Devlin akajibu mwaka 1959: jamii inashikamanishwa na maadili ya pamoja, na ina haki ya kujilinda dhidi ya yanayoyabomoa kama inavyojilinda dhidi ya waasi. Mwanafalsafa wa sheria H.L.A. Hart akamjibu mwaka 1963: ushahidi uko wapi kwamba jamii huvunjika?

Hotuba yangu yote ilikuwa ya Devlin bila mimi kulijua jina lake. Namheshimu bado. Yuko sahihi kwamba jamii si mkusanyiko wa watu wanaopishana tu barabarani. Kuna mambo tunayashika pamoja, na yakilegea wa kwanza kuumia ni wanyonge. Alipokwama ni kwenye kipimo. Alisema kinachoonyesha kwamba jambo halivumiliki ni ghadhabu na kinyaa cha mtu wa kawaida. Kinyaa hicho ndicho kilichozilinda sheria za majimbo ya Marekani zilizowakataza weusi na weupe kuoana, hadi Mahakama ya Juu ya huko ilipozifuta mwaka 1967. Watu waliokuwa na kinyaa hicho hawakuwa wanaigiza. Walikisikia tumboni kabisa, kama nilivyokisikia changu. Tumbo haliwezi kuwa hakimu.

Na wako watu wa dini walioelewa hili bila kuacha imani yao. Michael Ramsey, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliunga mkono sheria ya Uingereza ibadilishwe, na ikabadilishwa mwaka 1967, huku yeye akiendelea kuamini kwamba matendo yenyewe ni kosa mbele ya Mungu. Papa Fransisko alisema Januari 2023 kwamba kuwa na mvuto wa jinsia moja si jinai. Akatofautisha dhambi na jinai, kisha akaongeza kwamba kukosa upendo kwa mwenzako nako ni dhambi. Hata miongoni mwa wanazuoni wa kale wa Kiislamu, Abu Hanifa, aliyeliona jambo hilo kuwa haramu kama wenzake, hakulihesabu katika makosa yenye adhabu iliyowekwa kama zinaa. Dhambi ina toba yake na mlango wake. Gereza halina toba, lina wafungwa.

Kuna mahali ambapo hakuandika chochote. Nilikuwa nimesema, "Hawa wanalawiti watoto wetu." Alipiga mstari chini ya sentensi nzima, kwa nguvu, hata karatasi ikachanika. Nilikaa na ule mchaniko muda mrefu. Kiswahili chetu kina kosa hapa, au sisi tunalitia: kitenzi kimoja, kulawiti, tunakitumia kwa mtu mzima aliyemharibu mtoto na kwa watu wazima wawili walioridhiana chumbani mwao. Tukishayaweka mawili hayo kwenye neno moja, tumeshahukumu kabla hatujafikiri. Na hasara haiendi kwa mashoga peke yao. Mtoto wa kike anayeharibiwa na mjomba wake hatumwoni, kwa sababu macho yetu tumeyaelekeza kwa shoga anayepita. Anayewinda watoto anawinda watoto, na mara nyingi ni mtu anayeaminiwa nyumbani. Ukumbini mle, kati ya vijana 200, bila shaka walikuwepo waliowahi kushikwashikwa na watu wenye heshima zao. Sikuwa na neno kwa ajili yao.

Nakubali kwamba wengine wakishafika hapa hurahisisha mno. Husema: maadamu wameridhiana, basi. Mimi siamini kwamba ridhaa inatosha. Ridhaa ni sakafu ya nyumba. Bila sakafu huna nyumba, lakini ukiwa na sakafu tu utanyeshewa. Wazinzi wawili wameridhiana, na nyumbani kuna mtu anayedanganywa. Bosi na mfanyakazi wake wanaweza kuwa wameridhiana, na mmoja wao akawa anaogopa kufukuzwa kazi. Wanaosisitiza mipaka, heshima, stara na ndoa wana jambo wanalolilinda: kwamba mwili wa mwenzako si kitu cha kupitia. Nalitaka jambo hilo libaki. Nataka lipimwe kwa wote kwa kipimo kimoja. Je, ulimwambia ukweli? Je, angeweza kukataa? Akiugua utakuwepo? Nilipoyashika maswali haya na kumwendea rafiki yangu nayo, niligundua kwamba alikuwa ameshayajibu zamani, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa upande mwingine.

Alipokuwa na miaka 29 alikuwa na mchumba. Dada mmoja mtulivu, mcheshi ukishamzoea, aliyekuwa akiniita shemeji kabla ya wakati. Mimi nilikuwa mstari wa mbele wa maandalizi yote. Miezi miwili kabla ya harusi rafiki yangu alinijia usiku. Alizunguka sana, mwisho akasema, "Namheshimu, nampenda kama dada. Simtamani. Sijawahi." Nikacheka. Nikamwambia ni hofu ya kawaida, mapenzi hukua, oa tu na mengine yatajipanga. Akasema, "Na yasipojipanga?" Nikamwambia aache mashaka ya kike.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe alivunja uchumba. Watu walimwita mhuni, kigeugeu, mtu aliyemchezea binti wa watu. Sikuzungumza naye nusu mwaka. Na yule dada, kama kawaida, akaulizwa ana kasoro gani hata ameachwa.

Sasa, kwenye ukurasa wa nne wa karatasi zangu, miaka mitano baada ya hayo, nilikuwa nimeandika ushauri kwa kijana mwenye hisia za namna hiyo: aoe mapema, ndoa itamponya. Penseli ilikuwa imeandika, "Na mke, yeye kakosa nini?"

Sikuwahi kulifikiria swali hilo. Katika mjadala wote huu, na nimeusikiliza miaka mingi, mwanamke huyo hayupo. Tunazungumza juu ya mwanamume, hisia zake, dhambi yake, tiba yake, na mwanamke tunamtaja kama dozi. Atalala pembeni ya mtu asiyemtamani miaka 30, atajitazama kwenye kioo akitafuta kosa lake, atazaa, atazeeka, na sisi tutasema ndoa imemponya kijana. Wapo wanawake wengi wanaoishi hivyo hivi leo, na wapo wanaume pia waliooa wanawake wasiowatamani wanaume, walioolewa kwa kulazimishwa. Huo ni uongo unaosemwa kwa mwili kila usiku, na tunaubariki. Aliyekataa kuusema alikuwa rafiki yangu, akalipa kwa jina lake. Mimi niliyemsukuma ndiye nilikuwa nimepewa jukwaa la kufundisha maadili.

Basi, nifanye nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inajibu kwamba watu kama yeye wapokewe kwa heshima na huruma, na kwamba wameitwa kuishi bila tendo hilo maisha yote. Nawajua kwa kusoma watu waliouchukua wito huo kwa hiari na ukawa uhai kwao. Siwadharau, na wanaowacheka hawajui uzito wa wanachokicheka. Lakini Paulo anaposema juu ya useja, katika 1 Wakorintho 7, anauita karama, kila mtu na karama yake, na kwa asiyeweza kujizuia anasema ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa. Kwa rafiki yangu tulifunga mlango mmoja tukamwambia apite mwingine, kisha nao ukawa hauwezi kupitika isipokuwa kwa kumkanyaga mtu. Karama haitolewi kwa amri kwa mtoto wa miaka 11 anayeanza tu kujijua.

Kwa miaka saba sasa anaishi na mtu mmoja. Mtu huyo alipofanyiwa upasuaji, rafiki yangu alilala sakafuni hospitalini usiku 11, akijitambulisha kwa wauguzi kama binamu. Siwezi kumwambia kwamba dini yangu imeibariki nyumba hiyo, nitakuwa namdanganya, na yeye ndiye mtu wa mwisho anayestahili kudanganywa na mimi. Nikiyachukua yale maswali, ukweli, uhuru wa kukataa, kuwepo siku ya ugonjwa, nyumba yake inapita. Yangu kuna miaka haikupita. Wapo ndugu katika imani watakaosema nimeteleza, na baadhi yao nawapenda sana. Nimewasomea niliyoandika. Hatujakubaliana, na bado tunasali pamoja.

Mwezi uliopita nilimwambia nimemaliza kumjibu, baada ya miaka tisa, na jibu langu kubwa ni kumwomba radhi kwa usiku ule niliomcheka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na yule dada, ulishamwomba?"

Sikuwa nimemwomba. Namba yake alikuwa nayo yeye. Kumbe walishazungumza zamani, alimweleza kila kitu miaka miwili baada ya kuvunja uchumba. Nilikaa na namba hiyo siku nne. Sasa ana mume na watoto watatu, na sauti yake haijabadilika. Nilijitambulisha, nikaanza kueleza, nikasema nilimsukuma rafiki yangu kwako huku ameshaniambia hawezi, na watu waliposema una kasoro nami nilinyamaza.

Alikaa kimya kidogo, nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Shemeji," akasema, "yeye aliniomba radhi zamani. Niliokuwa nawasubiri ni ninyi."